Hina ya Kufumbata

Nina mikono mitulivu na mwili usiotulia. Yeyote wa Kisauni aliyewahi kuketi mbele yangu nikampaka hina atakwambia hivyo. Mkono wangu wa kulia ukishashika koni hautikisiki, hata lori la mchanga lipite chini ya dirisha. Lakini mguu unacheza chini ya meza, mdomo haupumziki, na kila baada ya nusu saa sharti niinuke niende jikoni kuchungulia sufuria ambayo haiko motoni. Maharusi wangu wamenizoea. Huniambia, "Mama, keti basi," nami huketi, kisha nikainuka tena.

Kazi yote ya hina iko kwenye dole gumba. Koni ni kipande cha nailoni kilichosokotwa kikafungwa, ndani mna hina iliyokorogwa kwa maji ya ndimu, na nchani mna kitundu kidogo mno. Vidole vingine vinashika tu. Dole gumba ndilo linalominya, ndilo linaloamua mstari uwe mnene au mwembamba, na kifundo cha mkono ndicho kinachokata kona ya jani na kuzungusha ua. Kwa viungo hivyo viwili nimemlea mtoto na kumsomesha tangu babake aende zake.

Mtoto huyo ndiye kisa chenyewe. Ni mmoja tu, wa kike, na mwaka jana aliposwa.

Kwetu kuna ada moja ambayo hatujaivunja: bi harusi hupakwa hina na mamake mzazi. Nyumba nyingine hukodi mpakaji, na mimi ndiye wanayemkodi. Sisi hatukodi. Mamangu alinipaka mimi, naye alikuwa na mkono mzito, maua yake yalitoka viazi vitupu. Na bado niliingia nyumba ya mume nikawa nayatazama maua yale ya viazi kila nikiosha vyombo, siku baada ya siku, mpaka yakafifia. Nyumba ile ilikuwa na watu wengi na sikuwa na mtu hata mmoja, ila nikitazama mikono yangu namwona mamangu. Nilitaka binti yangu naye aende na kitu changu mikononi. Tena kizuri, maana kazi naijua. Mchoro wake niliuanza kwenye daftari tangu yuko darasa la sita, nikawa naurekebisha kila mwaka.

Posa ilitoka Jomvu Kuu, kwa watu tunaowajua, watu wa haya. Kijana mwenyewe mpole. Nilimtafutia kasoro kwa bidii nikaikosa. Jambo moja tu: anafanya kazi Muskati, na mke angemfuata huko miezi sita baada ya harusi. Nilisema alhamdulillahi mbele ya wageni, nikatabasamu, nikawaongeza haluwa. Walipoondoka niliosha vikombe ambavyo binti yangu alikuwa ameshaviosha.

Tangu siku ile sikutulia. Nilifagia ua mara tatu kwa siku. Nilimgombeza muuza maji, nikamgombeza paka, nikamgombeza dada yangu mkubwa kwa simu mpaka akanikatia. Nilikuwa na hasira na sikuwa na wa kumkasirikia. Kijana hana kosa, binti hana kosa, Muskati haina kosa, iko pale ilipo tangu zamani. Hasira isiyokuwa na mwenyewe ni mbaya sana, hukaa mabegani na kwenye meno. Niliamka asubuhi taya zikiniuma.

Basi siku moja nilikwenda Kiembeni kumpaka bi harusi. Nilipomaliza miguu nikamwacha akauke, na mimi, kama nilivyosema, siwezi kungoja kitu kikauke. Nikatoka nje. Nyuma ya nyumba ile kuna ukumbi wa mtaa wenye mabati mekundu, na humo ndani nikasikia wanawake wanapiga kelele. Kelele zenyewe hazikuwa za msiba wala za harusi. Walikuwa wakitoa sauti moja fupi, wote kwa pamoja, kisha kimya, kisha tena. Nikachungulia dirishani. Walikuwa kama kumi, wengine na mitandio, wamejipanga safu mbili, wanarusha ngumi hewani. Nilisimama pale mpaka bi harusi wangu alipoanza kuniita.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda Kongowea kununua ndimu za kazi.

Mwalimu wao alikuwa msichana wa bara, hajafika thelathini, mfupi, shingo nene, Mkristo wa kuimba kwaya. Siku za kazi hushona nguo kiwandani Changamwe. Mchezo anaofundisha una jina, nalo limenishinda mpaka leo; una karate kidogo na ndondi kidogo. Alinipa mkono kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umekuja kuangalia ama umekuja kufanya?"

"Nimekuja kupiga kitu," nikamwambia. Kulikuwa na gunia refu limening'inizwa pembeni, na macho yangu yalikuwa huko.

Akacheka. "Hilo utalipiga baada ya mwezi. Kwanza nionyeshe mikono."

Niliona ananichezea. Mimi mtu mzima, nimezaa, nimeachwa, nimezika wazazi, halafu msichana wa jana ananishika mikono na kuipindapinda anavyopindapinda mboga sokoni. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, uso wake ukabadilika.

"Basi wewe ni kama mimi," akasema. Akanionyesha kidole chake kidogo cha kulia, kilichopinda kwa nje. Alikivunja akiwa na miaka kumi na saba, alipojifunza peke yake kwa kupiga ukuta. Mpaka leo, akishona mshono mrefu, kinamuuma. "Mimi nikiharibu mkono, sina kazi. Wewe ukiharibu mkono, huna kazi. Hapa kwangu, mama, mkono kwanza. Ngumi baadaye."

Kisha akasema, "Kunja ngumi nione."

Nikakunja. Akatazama, akaita wenzake waje watazame, na sikupenda.

"Kidole gumba kiko wapi?"

Kilikuwa ndani. Nilikuwa nimekifunika kwa vidole vinne, kimejikunyata humo kiganjani. Sikujua kama kuna namna nyingine ya kukunja mkono. "Ukipiga hivyo," akasema, "kidole chako mwenyewe ndicho kinavunjika. Yule unayempiga hata hasikii. Nani alikufunza hivi?"

"Bibi yangu."

"Kwani bibi yako alikuwa anapigana na nani?"

Ikabidi nieleze. Zamani, kabla ya koni na maua, bibi zetu walikuwa na hina ya kufumbata. Unachukua donge la hina, unaliweka katikati ya kiganja, unakunja mkono juu yake, na dole gumba unalitia ndani ili kucha yake nayo ishike rangi. Kisha mkono unafungwa kwa ukanda wa leso, kanga kuukuu, kuanzia vidoleni kushuka chini, na unakomea kabla ya kifundo ili damu itembee na bangili zisichafuke. Mtu hukaa hivyo hata kukicha. Akifunguliwa ana duara jekundu kiganjani, na ncha za vidole nyekundu, na dole gumba jekundu. Bibi alinifunga hivyo kila Idi tangu nina miaka minne. Mikono yangu ilijifunza kukunjika kwa ajili ya hina, na ikabaki hivyo.

Mwalimu alisikiliza vizuri, kisha akanichukua kidole gumba kama anayemtoa mtoto chini ya kitanda, akakiweka nje, juu ya vidole viwili vya kwanza. "Hina ni hina," akasema. "Hapa ni nje."

Mwezi mzima ukawa ni huo. Wenzangu waliotangulia walikuwa wanalipiga gunia na kufurahi, mimi niko pembeni na ndoo ya mchanga, natia mkono ndani, nafumba, nafumbua, nafumba, nafumbua, mpaka mishipa ya kigasha inawaka moto. Au nimepiga magoti sakafuni nimeegemea ngumi zangu, uzito wote juu ya ile mifupa miwili ya konzi, ya kidole cha shahada na cha kati, kifundo kimenyooka, na mwalimu anapita na rula ya kushonea kuniwekea juu ya mkono aone kama kuna mwanya. "Hapa umepinda, mama. Ukipiga umepinda, unavunjika hapa." Na bendeji. Subhanallah, bendeji ile! Ndefu kama kilemba. Kitanzi kwenye dole gumba, kisha kifundoni mara tatu, kisha konzi mara tatu huku umetanua vidole, kisha katikati ya vidole, kisha unarudi kifundoni kumaliza. Anaifungua yote na kuniambia nianze tena.

"Ukisahau vingine vyote, usisahau kifundo," alisema kila siku. "Anza na kifundo, maliza na kifundo."

"Mwalimu, lini nitapiga?"

"Siku kidole gumba kitakaa nje bila mimi kukwambia."

Na kila akisema "ngumi!" mimi nikakunja haraka, dole langu lilikuwa ndani. Nililitukana kimoyomoyo. Nilikuwa nikienda barabarani nimeficha mikono ndani ya buibui, nakunja na kukunjua, nje, nje, nje. Nikimpaka mtu hina, mkono wa kushoto uko chini ya meza unafanya mazoezi.

Nyumbani, ndimu zilizidi. Kila Jumatano jioni na Jumamosi nilirudi na mfuko, maana niliaga kwenda kununua ndimu na sharti nirudi nazo. Kulikuwa na ndimu kwenye beseni, ndimu dirishani, ndimu zimekauka mawe juu ya friji. Binti yangu alizitazama kwa wiki nne. Siku moja akaweka mbele yangu bilauri ya maji ya ndimu, ya tano siku ile, akaketi.

"Mama."

"Abee."

"Kongowea wenda kupigana na wauzaji?"

"Kwani vipi?"

"Konzi zako zimechubuka."

Nikamwambia kweli. Nilidhani atacheka au ataona haya, mamake mzima anarusha ngumi wiki chache kabla ya harusi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akausugua kwa dole lake. "Uangalie huu lakini," akasema. "Huu ni wangu. Nimeungoja tangu mdogo." Nikamwapia wallahi nitauangalia.

Siku kumi kabla ya harusi, asubuhi, simu ikalia. Ilikuwa ni mama wa kijana, sauti imejaa furaha. Karatasi za safari zimetoka mapema kuliko walivyotarajia, Mungu mkubwa, kwa hiyo hakuna haja ya miezi sita. Bi harusi ataondoka na mumewe siku ya nne baada ya harusi.

Nikasema alhamdulillahi. Nikasema heri, inshallah. Nikauliza hali za wazee, mmoja mmoja. Nikakata simu nikaiweka juu ya meza polepole sana.

Binti yangu alikuwa kazini. Nyumba ilikuwa tupu. Nikaingia chumbani kwake nikatoka. Nikaenda mlangoni nikarudi. Miezi sita niliyokuwa nimeipanga, ya kumfundisha wali wa nazi usioshikana, ya kugombana naye kuhusu mapazia, ya kumzoea kuwa mke wa mtu huku bado anakuja Ijumaa, ilikuwa imechukuliwa na mtu anayenipongeza. Siku nne. Nikachukua gunia la katani, nikalijaza nguo kuukuu, nikaona jepesi, nikaongeza mchanga uliobaki tulipojenga choo. Nikalifunga kwenye boriti ya banda la jiko. Mchanga ndani ya gunia huteremka wote chini na kukaza kama jiwe. Hilo mwalimu hakuwa amenifundisha, kwa sababu hakutarajia mtu mwenye akili atalifanya.

Bendeji zilikuwa ukumbini, mwalimu hatupi kwenda nazo. Nikachana leso. Nilikuwa nimesimama mbele ya gunia nikifunga mkono, macho hayako kwenye mkono, yako Muskati, ambako sijawahi kufika. Na mikono ikajifanyia yenyewe. Ilianza vidoleni ikashuka chini. Ilikomea kabla ya kifundo. Dole gumba ilikuwa imelitia ndani na kulifunga humo, vizuri, kwa fundo la bibi.

Ngumi ya kwanza haikuniuma. Ya pili nikatoa sauti ile ya ukumbini, na majirani wakasikia. Ya tatu niliitoa chini kabisa, unyayoni, kama anavyotaka mwalimu, na kila kitu nilichokuwa nacho tangu siku ya posa kilikuwa ndani yake. Ilikwenda ikakuta mchanga. Kifundo kikapinda kwa ndani, na humo kwenye leso dole gumba likatoa mlio niliousikia kwa masikio.

Nikaketi chini, penye majivu. Nilianza kuifungua leso na fundo likakataa, maana bibi alitufundisha fundo lisilofunguka mtoto akigeuka usingizini. Nililikata kwa meno. Jambo la kwanza nililofanya ni kujaribu kama naweza kushika koni. Hata sikuinuka, niliokota kijiti nikajaribu kukiminya. Kilianguka.

Zahanati walipiga picha, wakasema mfupa mzima, kano ndizo zilizovutika, za dole na za kifundo. Wiki sita mkono usifanye kazi. Nilimuuliza daktari kama kwa siku moja tu, saa tatu tu. Akanitazama kana kwamba sikusikia Kiswahili.

Dada yangu mkubwa alikuja kabla ya alasiri. Alipita mlangoni na maneno yake.

"Wapigana na gunia! Umri huu! Na mwanao yuwaenda kuolewa! Hebu n'ambie, gunia lilikufanya nini?" Kisha akaona mkono, umevimba mpaka kiganjani, akaenda kunitilia chai. Aliporudi alikuwa na shauri. Kuna mpakaji Bamburi, msichana niliyemfundisha mwenyewe, kazi yake safi. Aitwe. Watu hawatasema. Na wakisema, watu ni watu.

Nikamwambia sawa. Nilisema sawa kwa sababu sikuwa na haki ya kusema jingine. Binti yangu aliporudi kazini nilimwonyesha mkono. Nililia mbele yake, jambo ambalo sikulifanya hata babake alipoondoka. Nilimwambia nilikuapia nami nimeuvunja mkono wako. Hakunikasirikia, na laiti angenikasirikia. Alisema tu, "Viganja usimpe mtu. Msichana wa Bamburi apake nyuma ya mikono na miguu. Viganja niachie vitupu."

"Vitupu? Bi harusi?"

"Ni vyako. Kama ni vitupu, basi vitupu."

Msichana alikuwa aje Alhamisi. Jumatano, baada ya adhuhuri, mwalimu wangu akabisha hodi. Alikuwa amepata habari kwa wenzangu, ameomba ruhusa kiwandani, na mkononi ana bendeji mbili. Hakunisuta. Alilitazama lile gunia bandani, akaligusa chini, akafumba macho kidogo kama anayesikia maumivu. "Mchanga, mama," akasema. "Mchanga." Basi.

Nilimwomba anifunge mkono niweze kupaka viganja viwili tu. Alikataa, kisha alimtazama binti yangu, akakubali. Alinifunga kifundo kwanza, mara tatu, kikawa hakiendi huku wala huku. Tukaketi watatu sebuleni, mlango umefungwa. Hina nilikuwa nimeikoroga kwa mkono wa kushoto, kwa ndimu zile, zilikuwepo za kutosha mtaa mzima. Nikashika koni. Daftari langu liko wazi kando, mchoro wa miaka kumi na tatu.

Mstari wa kwanza ulikwenda nusu kidole ukakatika. Dole halikuwa na nguvu. Nikajaribu tena likatetemeka, hina ikamwagika donge katikati ya kiganja chake. Nikahamishia kushoto, ikawa ni kuku amepita. Nikaitupa ile koni. Ilipiga ukuta, na alama yake ipo mpaka leo, sijaipaka rangi. Nikainuka nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Nilitaka kupiga kitu na sikuwa na cha kupigia.

"Mama, keti basi," binti yangu akasema.

Nikaketi.

Alikuwa anautazama mkono wake, lile donge lililomwagika. "Nifumbatishe," akasema.

"Nini?"

"Hina ya bibi. Haitaki mchoro."

"Hiyo ni ya vizee. Utachekwa huko uendako."

"Wacha wacheke. Nifumbatishe, mama."

Hapana mtu aliyefumbata hina mtaani kwetu miaka mingi. Nikachota donge kwenye bakuli kwa mkono wa kushoto, zito, baridi, nikaliweka juu ya lile lililomwagika. Akakunja mkono. Na dole gumba lake, bila mtu kumfundisha, au labda nilimfundisha mwenyewe kwa Idi zile za utotoni nikasahau, likaingia ndani kwanza, na vidole vinne vikalifunika.

Nikaitazama ile ngumi. Ilikuwa ni yangu, na ya mamangu, na ya bibi yangu. Ingemvunja yeye mwenyewe. Nikafikiri habari ya nyumba nisiyoijua mlango wake unafungukia wapi, mtaa ambao akiita hakuna atakayemjua kwa sauti. Simwogopi mkwe wangu, Mungu ni shahidi, kijana hana neno. Nilikuwa naogopa tu, kila kitu, na sikuwa nimelisema hilo kwa mtu yeyote, hata kwa nafsi yangu.

"Naogopa," nikamwambia. "Naogopa wewe kwenda."

"Najua, mama. Ndio maana ya ndimu."

Nikamfungua vidole, kimoja kimoja. Nikalitoa dole, limeshapata hina, nikalifuta kwa upindo wa leso yangu.

"Halitashika rangi," akasema.

"Lisishike. Dole gumba nje, mamangu."

Nikamkunjia vidole vinne juu ya donge, vikabana, kisha dole nikaliweka nje, juu ya viwili vya kwanza. Nikachukua ukanda wa leso. Mkono wangu ulikuwa mmoja, kwa hiyo mwalimu alishika ncha ya pili. Sikuanza vidoleni. Nilianza kifundoni, mara tatu, na mwalimu akawa anahesabu kwa sauti ndogo bila kujua kama anahesabu. Konzi mara tatu. Nikarudi kifundoni kumaliza. Kisha mkono wa pili. Nikamwambia binti yangu kaza ngumi, akakaza. Mwalimu akatoa rula yake kwenye mkoba, akamwekea juu ya mkono, akachungulia.

"Hakuna mwanya," akasema.

Asubuhi nilimfungua. Duara jekundu kila kiganja, ncha nne nyekundu, na dole gumba jeupe. Dada yangu mkubwa alipoona akashika kichwa. "Na hili mbona limesahauliwa?"

"Halikusahauliwa, mama mkubwa," binti yangu akamjibu, akanyoosha mikono kwa msichana wa Bamburi amalizie nyuma. Wakwe hawakucheka. Bibi wa kijana, mzee sana, alishika kile kiganja chekundu akakinusa, akakaa nacho muda mrefu.

Siku ya nne tulikwenda uwanja wa ndege, kule Changamwe. Nilisimama kwenye vyuma vya kuzuilia watu na mkono wangu kwenye kitambaa cha shingo, watu wananisukuma huku na huku. Alipofika penye mlango wa kioo, ambapo mtu akipita haonekani tena, akageuka. Alinyanyua mkono wa kulia nikadhani anapunga. Aliufungua nikaliona duara langu, jekundu sana kwenye mwanga ule. Kisha akaukunja taratibu ili nione vizuri, vidole vinne kwanza, dole gumba mwisho, nje.

Nilitazama kifundo. Kilikuwa kimenyooka.